Kumeza dawa lengwa pamoja na dawa ya homoni ili saratani ya titi isirudi

Mwenzangu uliyeambiwa kwamba baada ya upasuaji, kemo na mionzi sasa utameza vidonge vya aina mbili kwa pamoja, haya nakuandikia wewe. Mimi ni mtu wa Ng'ambo, Unguja. Naishi Leicester, Uingereza, na kazi yangu ni kupika katika jiko la skuli. Saratani yangu ilikuwa ya titi la kushoto, ikaingia kwenye tezi za kwapani. Abemasiklibu, ndiyo dawa lengwa yangu, yaani dawa inayolenga kitu maalumu ndani ya seli za saratani, nimeimeza miaka yake miwili nikaimaliza. Letrozoli, ndiyo dawa ya homoni, bado naimeza. Udaktari sikusomea. Ninachokijua ni namna ya kukaa na dawa hizi mpaka mwisho, kwa sababu nimeona wanawake wakiziacha njiani kwa mambo ambayo yangetengenezeka lau wangesema mapema.

Jua kwanza saratani yako ni ya namna gani

Omba karatasi ya majibu ya kinyama kilichopelekwa maabara, uisome pamoja na daktari au muuguzi wako. Angalia vipokezi vya homoni, yaani mahali kwenye seli ambapo homoni hushika, ni chanya au hasi, HER2, yaani protini inayoihimiza seli ikue, ni chanya au hasi, na tezi ngapi za kwapani zilikutwa na ugonjwa. Hapo ndipo panapoamua kila kitu.

Vipokezi vya homoni vikiwa chanya na HER2 hasi, mchanganyiko ninaouzungumzia hapa unaweza kukuhusu. HER2 ikiwa chanya pamoja na vipokezi vya homoni, dawa lengwa yako ni nyingine: trastuzumabu, inayotolewa kwa dripu au sindano, kwa kawaida mwaka mmoja, nawe unameza dawa ya homoni vilevile. Vipokezi vikiwa hasi, dawa ya homoni haina la kukufanyia, hata kama imemsaidia dada yako wa tumbo moja.

Abemasiklibu, ambayo boksi lake huku limeandikwa Verzenios, hupewa wale ambao hatari ya ugonjwa kurudi ni kubwa: waliokutwa na saratani katika tezi 4 au zaidi, au katika tezi 1 hadi 3 lakini uvimbe ulifika sentimita 5, au seli zake zilikuwa za daraja la 3, yaani zile zinazokua kwa pupa. Hapa Uingereza taasisi ya NICE, inayopitisha dawa za hospitali za umma, iliikubali kwa kazi hiyo mwaka 2022. Ipo na ribosiklibu, yaani Kisqali, ambayo Marekani iliidhinisha Septemba 2024 kwa wagonjwa wa hatua ya pili na ya tatu, wakiwemo baadhi ambao tezi zao ni safi. Kama hukuambiwa habari za dawa hizi, uliza. Kuuliza si utovu wa adabu, na daktari anayejua kazi yake hatachukia.

Kwa nini viwili

Saratani ya namna yetu hula homoni ya estrojeni. Letrozoli, anastrozoli na eksemestani huzuia mwili usiitengeneze. Tamoksifeni huiacha itengenezwe lakini huizibia nafasi kwenye seli. Dawa lengwa hukamata mahali pengine. Ndani ya seli mna protini mbili, CDK4 na CDK6, zinazofungua njia ili seli igawanyike iwe mbili. Muuguzi wangu alinieleza hivi: dawa ya homoni humzuia mgeni asibishe hodi, na dawa lengwa hutia komeo kwa ndani. Ukitia komeo ukamwacha mgeni agonge usiku kucha, ipo siku mlango utavunjika. Kwa hiyo mwanamke anayemeza abemasiklibu peke yake, akaiacha letrozoli kwa kuwa viungo vinamuuma, hajatibiwa kama inavyotakiwa.

Faida yake imepimwa. Utafiti wa monarchE uliwaingiza wagonjwa 5,637 kutoka nchi 38. Baada ya miaka mitano, katika kila wagonjwa 100 waliomeza dawa zote mbili karibu 84 walikuwa hai bila ugonjwa kurudi, na kwa waliomeza ya homoni peke yake walikuwa 76. Mwaka 2025 watafiti wakatangaza kwamba hata vifo vimepungua, ingawa tofauti yake ni ndogo zaidi. Kwa mwenye tezi nyingi kama mimi, watu wanane katika mia si kitu cha kupuuza.

Hapa nikutahadharishe. Zipo dawa tatu za ukoo huu, na ya tatu ni palbosiklibu. Hiyo inafanya kazi kwa wagonjwa ambao saratani imeshasambaa, lakini ilipojaribiwa kwa kuzuia isirudi, katika utafiti wa PALLAS, haikuongeza kitu. Kwa hiyo duka likikwambia "abemasiklibu hatuna, chukua hii ni ileile na bei yake nafuu," usikubali mpaka umeongea na daktari wako.

Saa, boksi na daftari

Abemasiklibu humezwa mara mbili kwa siku, na dozi ya kuanzia ni miligramu 150 kila mara. Mimi nilichagua saa 1 asubuhi na saa 1 usiku. Unaweza kumeza umekula au hujala. Mimi tumbo lilitulia zaidi nikiwa nimekula kitu. Letrozoli ni kimoja tu kwa siku, nikakiweka pamoja na cha usiku ili nisipate la kuwaza. Nunua kile kiboksi cha plastiki chenye vyumba vya siku saba, asubuhi na jioni, ukijaze siku moja maalumu ya wiki. Ukisahau dozi ya abemasiklibu, au ukaimeza ukatapika, usiirudie: subiri saa ya dozi inayofuata, na usimeze viwili kufidia.

Ribosiklibu ina hesabu yake. Ni mara moja kwa siku, miligramu 400, wiki tatu mfululizo, kisha unapumzika wiki moja, na hivyo kwa miaka mitatu. Wiki ile ya kupumzika ndiyo inayowapoteza watu. Kinachopumzishwa ni ribosiklibu tu; letrozoli au anastrozoli inaendelea kila siku ya Mungu. Chora kalenda uibandike kwenye mlango wa friji, wiki ya mapumziko uitie rangi, na chini yake uandike kwa herufi kubwa: YA HOMONI HAISIMAMI.

Daftari langu lilikuwa la skuli, la mistari, nimeligawa kwa rula: tarehe, choo mara ngapi, nimekula nini, homa, maumivu, na mengineyo. Ukurasa mmoja wa mwanzo unasomeka hivi: "Choo 5, maji matupu kuanzia saa 4 asubuhi. Imodium 2, kisha 1. Uji wa mchele, ndizi. Saa 11 jioni nimeweza chai kavu na mkate. Miguu haina nguvu." Ukienda kliniki na kurasa kama hizo huna haja ya kukumbuka lolote. Daktari wangu alikuwa akilichukua daftari mkononi na kulisoma mwenyewe kabla hajaniuliza swali.

Tumbo

Hapa nitakaa, maana hapa ndipo wengi wanapoiachia abemasiklibu. Katika kila watu 100, zaidi ya 80 huharisha. Mara nyingi huanza ndani ya wiki ya kwanza au ya pili, huwa kali zaidi mwezi wa kwanza, kisha mwili unazoea. Ukilijua hilo mapema hutadhani umelishwa sumu.

Usianze dawa kabla dawa ya kuzuia kuharisha haijawa ndani ya nyumba. Huku ni loperamidi, maarufu kwa jina la Imodium. Nilielekezwa nimeze mara tu choo cha kwanza chepesi kinapokuja, nisingoje cha tatu: viwili mwanzo, kisha kimoja kila baada ya choo kingine, bila kupita kiwango alichoniandikia daktari. Nilikuwa na vidonge vyake chumbani, kwenye mkoba na kwenye kabati langu kazini. Nilimwambia mkuu wangu wa kazi kwamba naweza kutoka ghafla bila kuomba ruhusa, akaelewa. Mwambie wa kwako. Ni vigumu kutamka, lakini ni vigumu zaidi kusimama mbele ya sufuria la watoto 200 huku tumbo linakukata na hakuna anayejua kwa nini.

Kunywa maji mengi kuliko unavyodhani. Pakiti za ORS ni nzuri. Ukizikosa, chukua lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Koroga mpaka viyeyuke, unywe kidogo kidogo siku nzima. Kula uji wa mchele usio na maziwa, ndizi mbivu, viazi vya kuchemsha, wali laini na mchuzi mwepesi wa kuku. Weka kando pilipili, maharage, vitu vya kukaanga na maziwa mabichi mpaka tumbo litulie. Urojo niliutamani mno mwezi ule wa kwanza, na niliuacha.

Ikiwa saa 24 zimepita na dawa ya kuzuia haijasaidia, au umeona damu, au kizunguzungu kinakushika ukisimama, piga simu hospitali. Usijitibu kwa kuvumilia. Daktari anaweza kukusimamishia abemasiklibu siku chache, kisha akakurudisha kwa 100 badala ya 150, na hata 50. Nililia niliposhushwa hadi 100, nikidhani naibiwa kinga. Daktari akanieleza kwamba watafiti wa monarchE waliwatazama wale waliopunguziwa dozi, wakakuta dawa imeendelea kuwafaa. Tangu hapo kila mwanamke anayeniuliza namwambia neno hilihili: kupunguziwa dozi ukaendelea ni bora mara nyingi kuliko kung'ang'ania 150 kisha ukaacha mwezi wa nne.

Kwetu watu watakuletea dawa za majani kwa mapenzi mema. Sanamaki na shubiri ni haluli, zitakumaliza maji mwilini. Mwarobaini na mchanganyiko wowote usiojulikana humo ndani mna nini, uweke kando mpaka mfamasia wa saratani auone. Balungi usile wala usinywe maji yake muda wote wa dawa hizi: linazuia ini lisiivunje dawa, basi dawa inajaa kwenye damu kupita kiasi. Chungwa la kawaida halina neno.

Na Ramadhani? Nilizungumza na daktari kwanza. Mfungo wa miaka ile huku uliangukia wakati mchana ulikuwa na saa kama 12 au 13, kwa hiyo dozi moja ilikaa na daku na nyingine na futari. Lakini siku ambayo tumbo limefunguka nilikula, nikanywa, nikailipa siku nyingine. Mgonjwa karuhusiwa, na anayeharisha mara 5 kutwa huku amefunga anaziumiza figo zake.

Damu, homa, na safari za nyumbani

Utapimwa damu kabla ya kuanza, kila wiki mbili katika miezi miwili ya mwanzo, kisha kila mwezi kwa miezi miwili, na baadaye kadiri daktari aonavyo. Wanatazama seli nyeupe, askari wa mwili ambao dawa hizi huwapunguza, na ini. Ribosiklibu inaongeza kipimo cha umeme wa moyo, kabla ya kuanza na tena baada ya wiki mbili hivi, kwa sababu inaweza kuvuruga mapigo. Ndiyo maana ribosiklibu haichanganywi na tamoksifeni.

Homa ya nyuzi 38 au zaidi ni simu siku hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane. Ukiwa Zanzibar, Mombasa au Kigoma, homa kwa watu wengi ina jina moja tu, malaria. Pima malaria, sawa, lakini sisitiza upimwe na seli nyeupe papo hapo. Na kabla hujapewa dawa ya malaria, mwambie daktari unameza nini. Klorokwini, kwinini na dawa mseto yenye lumefantrini zinagusa mapigo ya moyo, na pamoja na ribosiklibu hapo pana hatari. Rifampisini ya kifua kikuu huifanya dawa lengwa iishe nguvu mwilini. Baadhi ya ARV, dawa za fangasi kama ketokonazoli, antibayotiki ya klarithromisini na dawa za kifafa kama karbamazepini nazo zinaingiliana. Anayemeza metformini kwa kisukari aseme pia. Piga picha maboksi yote ya dawa zako uyaweke kwenye simu.

Lipo jambo moja lililotaka kuniharibia safari ya Unguja. Abemasiklibu hupandisha kreatinini, taka ambayo figo huisafisha, kwenye damu bila figo kuumia. Inazuia tu namna figo zinavyoitoa. Daktari asiyeijua dawa hii akiona namba ile atakwambia figo zinakufa na atakusimamishia. Mimi nilisafiri na barua ya kliniki inayoeleza hilo, na majibu yangu ya zamani ya kulinganisha. Kipo kipimo kingine cha figo, sistatini C, ambacho hakidanganywi na dawa hii.

Kwenye ndege inuka utembee, kunywa maji, vaa soksi za kubana ukielekezwa. Abemasiklibu huongeza hatari ya damu kuganda, na hatari inakuwa kubwa zaidi kwa anayeimeza na tamoksifeni. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au pumzi ikikukatika ghafla, hiyo ni dharura. Kikohozi kikavu kisichoisha na pumzi fupi nacho usikiite mafua. Mara chache dawa hizi huyafanya mapafu yavimbe.

Upande wa homoni

Letrozoli ina taabu zake za kimyakimya. Asubuhi vidole havifungi ngumi, magoti yanasema ukishuka ngazi. Mazoezi yananisaidia kuliko kidonge chochote: natembea nusu saa kabla ya kazi, na mikono naiweka kwenye maji ya moto. Zikikushinda, usiache, omba ubadilishiwe, kwani mwenye kushindwa na letrozoli huenda akaiweza eksemestani. Mifupa hupungua uzito, kwa hiyo omba kipimo cha mifupa mwanzoni, na uulize kuhusu vitamini D na dripu ya asidi ya zoledroni.

Kama ulikuwa bado unaona siku zako, letrozoli peke yake haifai kitu mpaka ovari zizimwe. Kwangu ni sindano ya goserelini, Zoladex, tumboni kila baada ya siku 28. Usiicheleweshe, hata ukiwa safarini. Na hedhi kukatika kwa kemo si ushahidi kwamba ovari zimelala. Mimba hairuhusiwi kipindi hiki, na vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni havitufai. Uliza kitanzi cha shaba au kondomu. Tamoksifeni haizuii mimba, nimesikia wengi wakidhani inazuia.

Ukavu wa ukeni nao upo, na mambo ya chumbani yanauma. Wazee wetu walikuwa na somo, yaani kungwi, wa kumwambia haya. Sisi tunakaa nayo kimya huku nyumba inapoa. Mwambie muuguzi. Vipo vilainishi visivyo na homoni, na mume akielezwa naye hutulia.

Kwa ambaye dawa lengwa haipati

Najua wapo wanaosoma haya wakiwa kwenye foleni ya hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, na bei ya dawa hizi kwao haisemeki. Nisikilizeni, dada zangu. Msingi wa tiba hii ni ile dawa ya homoni, na hiyo ni ya bei nafuu. Tamoksifeni na anastrozoli zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Tamoksifeni ikimezwa miaka mitano kama inavyotakiwa hupunguza vifo vya saratani yenye vipokezi vya homoni kwa karibu theluthi moja, na faida hiyo inaonekana hata miaka 15 baadaye. Kuzizima ovari kwa sindano au kuzitoa kwa upasuaji kunaongeza kinga kwa baadhi ya wanawake wenye umri mdogo. Kwa hiyo asikuambie mtu kwamba bila abemasiklibu hakuna tiba, na usiuze shamba ununue ya miezi mitatu kisha ikakatika. Ukipata fedha, uliza kwanza kama utaweza kuimaliza miaka yake, na kama hospitali au kampuni ina mpango wa kusaidia wagonjwa.

Miaka miwili ikiisha

Abemasiklibu inasimama siku moja, bila kushushwa polepole. Tumbo langu lilirudi kawaida upesi, na woga ukaja: sasa komeo halipo. Daktari alinionyesha kwamba katika monarchE tofauti kati ya makundi mawili iliendelea hata baada ya dawa kusimama. Letrozoli inaendelea, kwa jumla miaka 5 na kwa wengine zaidi, mpaka 10. Picha ya matiti ni kila mwaka. Katikati ya miadi, piga simu usingoje ukiona uvimbe mpya kwenye kovu, titi au kwapani, maumivu ya mfupa yanayokuamsha usiku na hayaishi, kikohozi cha wiki tatu, macho kuwa ya njano, au kichwa kinachouma kwa namna usiyoizoea. Mimi namba ya muuguzi wangu nimeiandika kwenye simu ya binti yangu pia, na yeye anajua kuipiga bila kuniomba ruhusa.